Tunarudi Muheza na watoto waliozaliwa Ulaya: tuogope nini, tubebe nini?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi na mume wangu ni watu wa Muheza, tunaishi Leicester, Uingereza, huu mwaka wa 11. Desemba tunakuja likizo wiki 4 na watoto wetu wawili, mmoja ana miaka 7, mwingine 2 na nusu. Hawajawahi kufika Tanzania. Tutakaa kwa mama mkwe Muheza, tutateremka Pangani siku chache, kisha tutapanda Lushoto kwa dada yangu. Safari iliyopita mimi niliharisha siku 5, na mume wangu akalazwa kwa malaria wiki mbili baada ya kurudi huku. Yeye pia anatumia dawa za presha. Nikitaja vidonge vya kukinga malaria mama mkwe anacheka, anasema wajukuu wake ni damu ya Muheza. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, dada, na karibuni nyumbani.

Nianze na mama mkwe, maana huyo ukimshinda mengine yote mepesi. Na usimwone mshamba. Anachosema kilikuwa kweli kwenu ninyi wawili mlipokuwa mnaishi hapa. Mtu aliyekulia Muheza ameumwa na mbu wa malaria tangu yuko mgongoni mwa mama yake. Akiponea utotoni, mwili wake huzoea: anaweza kutembea na vimelea kwenye damu na asilale hata siku moja. Lakini kinga hiyo si kama ya surua, ukiugua mara moja basi umemaliza. Ni kinga ya kibarua. Ukiacha kuumwa na mbu, nayo inaacha kazi. Miaka 11 Leicester ni mingi mno. Mume wako aliporudi safari iliyopita alikuwa mgeni mbele ya malaria kama Mzungu anayeshuka Kilimanjaro kupanda mlima, tofauti ni kwamba yule Mzungu alikuwa amemeza vidonge.

Watoto wako hawakuwahi kuwa na kinga hiyo hata siku moja, kwa hiyo hakuna cha kupungua. Kweli, kuna kitu kimoja ambacho damu hurithisha: mtu mwenye nusu ya selimundu, yaani aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, hukingwa kiasi asipate malaria kali. Hata huyo anaugua, na hata huyo anameza vidonge. Mwambie mama mkwe hivyo, kwa adabu, na umwambie pia kwamba wengi wa wanaogunduliwa na malaria Uingereza si watalii wa mbugani. Ni Waafrika waliokwenda kusalimia nyumbani.

Sasa vidonge vyenyewe. Kwa mwendo wenu mna njia tatu. Ya kwanza ni atovakwoni na proguanili, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Malarone. Unaanza siku 1 au 2 kabla ya safari, unameza kila siku, unaendelea siku 7 baada ya kuondoka. Ya pili ni doksisaiklini, nayo kila siku, lakini unaendelea wiki 4 baada ya kuondoka. Haipewi watoto wadogo wala mjamzito, na baadhi ya watu ngozi yao huungua na jua kirahisi wakiitumia. Ya tatu ni meflokwini, mara moja kwa wiki, unaianza wiki 2 au 3 kabla. Hiyo huwaletea watu wengine ndoto mbaya na wasiwasi, na aliyewahi kuugua sonona au kifafa hapewi.

Watu huuliza kwa nini moja siku 7 na nyingine wiki 4. Mbu akikuuma, vimelea havibaki kwenye damu kwanza. Vinakimbilia ini, vinazaliana humo kwa siku kadhaa, ndipo vinatoka. Atovakwoni na proguanili huviua mle mle inini. Doksisaiklini na meflokwini zinavingojea mlangoni, kwenye damu, kwa hiyo lazima dawa iwepo mpaka wa mwisho atoke. Anayeacha doksisaiklini siku anayotua Heathrow amefungua mlango wezi wakiwa ndani.

Kwa watoto wako mimi ningechagua atovakwoni na proguanili. Zipo tembe ndogo za watoto, na kipimo ni kwa kilo, si kwa umri, basi wapime uzito wiki hiyohiyo mnayokwenda kuchukua dawa. Tembe husagwa zikachanganywa na maziwa au uji, na ni lazima zimezwe na chakula chenye mafuta kidogo, la sivyo hazinyonywi vizuri. Hesabu: siku 2 kabla, 28 za hapa, 7 baada, ni siku 37 kwa kila mtu. Najua bei. Huko kwenu serikali hailipii kinga ya malaria, na familia ya watu wanne inauma mfukoni. Linganisheni maduka ya dawa, bei hutofautiana sana, na ninyi wakubwa mnaweza kutumia doksisaiklini iliyo rahisi mkaiacha ile ghali kwa watoto. Msije mkategemea klorokwini ya zamani aliyobaki nayo mtu kabatini. Tuliiacha Tanzania 2001 kwa sababu vimelea vilishaizoea. Wanaokumbuka ule muwasho wake hawailili.

Vidonge peke yake havitoshi. Mbu wa malaria anauma usiku, kuanzia giza linapoingia mpaka alfajiri, na Desemba mnakuja vuli ikiwa imeacha madimbwi kila mahali. Saa za hatari kwa watoto wenu si za kulala, maana hapo mtawaweka kwenye chandarua. Ni zile za jioni barazani, bibi anasimulia, wajomba wamekuja, watoto wamevaa kaptula. Wavalisheni suruali na mikono mirefu ifikapo magharibi, wapakeni dawa ya kufukuza mbu yenye DEET isiyopungua asilimia 20. Chandarua cha bibi kikaguliwe mchana kwenye mwanga, kikiwa na matundu nunueni kipya chenye dawa. Hicho kitabaki kuwa zawadi.

Mtoto akipata homa je? Hesabuni siku. Malaria inahitaji angalau siku 7 tangu kuumwa mpaka homa. Mtoto akichemka siku ya tatu tangu mfike, hiyo si malaria ya Muheza, hata jirani aape. Mara nyingi ni mafua ya ndegeni, koo au sikio. Kuanzia siku ya 7 na kuendelea, homa ni malaria mpaka damu iseme vingine, na damu ipimwe siku hiyohiyo, si kesho. Zahanati karibu zote zina kipimo cha haraka, tone moja la kidole, dakika 15 hadi 20. Ikiwa ni malaria isiyo kali, dawa yetu ni dawa mseto, dozi 6 kwa siku 3, nayo imezwe na maziwa au andazi, si tumbo tupu. Msiache siku ya pili kwa sababu mtoto ameanza kucheza. Akitapika kila kitu, akilegea, akichanganyikiwa, akipata degedege au akipumua kwa shida, msikae zahanati, nendeni hospitali akachomwe sindano ya artesunate.

Angalizo kuhusu kile kipimo cha haraka: kinaweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa sababu kinasoma masalia ya vimelea. Mtu asije akawapa dozi ya pili na ya tatu kwa mstari ule ule. Hapo waambieni waangalie kwa hadubini.

Na kwa kuwa nimeingia maabara, niseme jambo linalowaudhi baadhi ya wenzangu. Ukiingia na homa kwenye vituo vingine utatoka na majibu matatu: malaria, taifodi na UTI, na mfuko wa dawa unaotosha kijiji. Taifodi ile mara nyingi imetoka kwenye kipimo cha Widal, ambacho humwonyesha mtu mzima mwenye afya zake kuwa ana taifodi kwa sababu tu aliwahi kukutana na wadudu wa jamii hiyo au alichanjwa. Taifodi ya kweli hugunduliwa kwa kuotesha damu maabara. Ulizeni kwa upole, "Daktari, umeiona kwa kipimo gani?" Swali hilo si utovu wa adabu.

Twende tumboni. Kuharisha ndiko kutakakowapata, sitawadanganya. Wenyeji wa hapa matumbo yao yanajua bakteria wa hapa, yenu yameshasahau. Aghalabu ni aina za E. koli, huchukua siku 3 hadi 5 na kuisha zenyewe. Watu huogopa chakula cha barabarani na kuamini cha hotelini, mimi naangalia moto. Mihogo inayotoka kwenye mafuta yanayochemka mbele ya macho yako, mishkaki iliyoiva, mahindi ya kuchoma, kuleni. Kinachonitia shaka ni kile kilichopoa: kachumbari iliyokatwa tangu asubuhi, juisi ya miwa yenye barafu ya mtaani, tunda lililomenywa na kupangwa kwenye sinia, na kiporo. Kiporo cha wali kina ubaya wake. Wali ukilala nje ya friji, kuna bakteria hutoa sumu isiyokufa hata ukiupasha moto mpaka utoe moshi. Mtoto anakula asubuhi na chai, kufika saa nne anatapika. Mwombe mama mkwe awape watoto wali wa siku hiyo. Maji yachemke hasa, dakika nzima yakitokota, au yawe ya chupa ambayo kizibo chake mmekivunja wenyewe. Hata ya kupigia mswaki.

Ikishaanza, dawa ni maji na chumvi. Bebeni pakiti 10 za ORS, au nunueni hapa, ni bei ya soda. Someni pakiti inataka maji kiasi gani, nyingi ni lita 1. Mkiishiwa usiku: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Msizidishe chumvi kwa kudhani itasaidia zaidi, inamdhuru mtoto. Mdogo wenu anywe mililita 100 hadi 200 kila anapoharisha, kidogokidogo kwa kijiko. Akitapika, ngojeni dakika 10, mwanze tena polepole. Aendelee kula. Mdogo wenu apewe na zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma. Hupunguza ukali na kurudi kwake.

Nisichotaka kukisikia ni flajili. Nchi hii kila tumbo likiunguruma mtu anakwenda duka la dawa kununua flajili. Inaua amiba na jiadia, na haifanyi lolote kwa E. koli iliyowapata ninyi. Unapona siku ya nne kwa sababu ulikuwa upone siku ya nne, sifa anapata flajili. Siku 5 zako za safari iliyopita bila shaka zilikuwa hivyo. Vidonge vya kufunga choo, loperamaidi, mkubwa anaweza kutumia akiwa na safari ya basi, lakini si mtoto, wala si mtu mwenye homa au damu kwenye choo. Damu, homa kali, macho kuzama, kulia bila machozi, kutokukojoa saa 6, ni hospitali.

Shemeji na presha yake. Dawa zote ziwe kwenye begi la mkononi, kwenye maboksi yake, za wiki 5, na karatasi ya daktari yenye jina la dawa lenyewe, si jina la kampuni, maana dawa ileile hapa inauzwa kwa jina jingine. Miguu ikivimba ndegeni na joto likaendeleza, hasa kama anatumia amlodipini, asishtuke. Lakini mguu mmoja tu ukivimba na kuuma misuli ya nyuma, aonwe haraka, inaweza kuwa damu iliyoganda. Ndegeni atembee kila baada ya saa moja au mbili. Na jambo ambalo wengi hawaambiwi: kama kati ya dawa zake kuna ya kukojoa, au ya jamii ya enalaprili au losatani, kisha akaharisha vibaya, figo zinaweza kuumia. Amuulize daktari wake kabla ya safari azisimamishe lini na azirudie lini. Maumivu ya kichwa atumie parasetamo. Diklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha, na zina ubaya mwingine huku: kama homa ni ya dengi, huongeza hatari ya kuvuja damu. Dengi ilisumbua Dar es Salaam na Tanga mwaka 2019, mbu wake anauma mchana, vidonge vya malaria havimhusu.

Pangani jua. Watu weusi nao huungua, hasa ngozi iliyokaa miaka chini ya mawingu ya Uingereza. Watoto watatoka harara shingoni na kwapani siku za kwanza. Maji ya baridi, nguo za pamba, kukaa kivulini, itaisha. Watoto waingie majini na viatu vya plastiki, kwa sababu ya wale viumbe weusi wa baharini wenye miiba kama nungunungu wanaojaa kwenye mawe. Mtu akichomwa, toeni miiba inayoshikika, tumbukizeni mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyovumilia bila kuungua, nusu saa mpaka saa moja na nusu. Joto hutuliza sumu, na ndivyo pia kwa samaki wenye miiba ya sumu. Madimbwi na vijito vya maji baridi huko Muheza, hapana. Kichocho hupita kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda, na binamu zao watawaita waende kuogelea, hilo mlitegemee.

Njia ya Mombo kupanda Lushoto ni kilomita 30 na kitu za kona tupu. Mwenye kichefuchefu akae mbele, aangalie mbali, simu ifungwe, ale kidogo kabla, tangawizi inawasaidia wengine. Juu kuna baridi usiku, bebeni sweta.

Ile safari yenyewe ya gari ndiyo ninayoiogopa kuliko kichefuchefu, kuliko hata kuharisha. Wageni wenye afya wanaofia ugenini, ajali za barabarani ziko mbele kabisa. Njooni na kiti cha gari cha mdogo, ndege nyingi hazitozi. Msisafiri usiku, mwambieni dereva apunguze hata akinuna, na watoto wasipakiwe bodaboda "hapo karibu tu". Wengi wa ninaowashona wananiambia walikuwa wanakwenda hapo karibu tu.

Mbwa: mtoto aking'atwa au kukwaruzwa, hata kidogo, osheni kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakuna tiba. Waambieni watoto watoe taarifa, maana huficha kwa kuogopa kugombezwa.

Chanjo nendeni mkaulize wiki 6 hadi 8 kabla. Ya taifodi na ya homa ya ini aina A kwa kawaida mnapewa bure huko. Homa ya manjano itategemea njia: mkipitia Addis Ababa au Nairobi na kukaa zaidi ya saa 12, mtadaiwa kadi. Kadi ikishatolewa, tangu Julai 2016 inatambulika maisha yote, basi aliyenayo ya zamani asiitupe.

Mkisharudi Leicester, kazi haijaisha. Homa yoyote ndani ya miezi 3 ya kwanza, na hata baadaye mpaka mwaka, muiwazie malaria, hata kama mlimeza kila kidonge, maana hakuna dawa inayokinga asilimia 100. Nadhani shemeji alikaa siku kadhaa nyumbani akidhani ni mafua ya Januari kabla hajalazwa. Safari hii mkifika hospitali, neno la kwanza liwe "tumetoka Tanzania", kabla ya homa, kabla ya kichwa, kwa sababu nesi wa Leicester anaona mafua 50 kwa siku na hatawaza mbu msipomtajia. Damu ipimwe siku hiyohiyo. Ikikutwa safi na homa ikaendelea, ipimwe tena kesho, na kesho kutwa.